Kufukua si kuchimba, wala si kugundua

Katika magazeti yetu, ya Dar na ya Nairobi, kuna kitenzi kimoja kinachoniuma kila kinapokosekana mahali pake. Kitenzi hicho ni kufukua. Kichwa cha habari kitasema wataalamu wamegundua mji wa kale. Ukiisoma habari yenyewe unakuta mji huo umo katika masimulizi ya wazee wa pale tangu zamani, ila mchanga na magugu vilikuwa vimeufunika. Mji huo haukugunduliwa, umefukuliwa. Nafanya kazi ya uhariri, kalamu haitoki mkononi, na hili ni moja ya mambo ambayo siyaachi yapite hivi hivi.

Kufukua kimetokana na shina moja na kufukia. Kiko katika lile kundi ambalo walimu wa sarufi huliita kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, ficha na fichua, kunja na kunjua. Kila kitenzi cha namna hii kimebeba ndani yake tendo lililotangulia. Huwezi kuzibua kisichozibwa, wala kupakua shehena ambayo haikupakiwa. Na huwezi kufukua kitu ambacho hakikufukiwa. Aliyefukia anaweza kuwa mtu, anaweza kuwa mvua, au ukuta ulioporomoka wenyewe, au tope la miaka milioni 150. Vyovyote iwavyo, kitenzi kinamtaja. Ukisema "nimefukua" umekwisha kukiri kwamba kitu kilikuwapo kabla yako.

Mahali ambapo nimeona jambo hili likiishi kwa uwazi kabisa ni pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani na vijiji jirani. Kule wanawake hufukia makumbi. Maji yakitoka, wanashuka ufuoni na vikapu vya makumbi ya nazi, wanachimba mashimo kwenye tope la bahari, wanayapanga makumbi humo, wanayafunika kwa mchanga na kuyakandamiza kwa mawe ya matumbawe ili bahari isiyachukue. Wanayaacha miezi kadhaa. Maji ya chumvi yanayaozesha polepole, sehemu laini inaachia, nyuzi zinabaki. Kisha wanarudi kuyafukua. Harufu yake ni kali, kama ya yai viza, na asiyeizoea hugeuza uso. Wao hawageuzi. Wanayapiga makumbi kwa gongo juu ya jiwe mpaka yatoke usumba, wanausuuza, wanauanika, wanausokota kamba.

Bibi mmoja wa pale alinionyesha shimo lake. Kwa macho yangu ufuo wote ulikuwa sawasawa: mchanga, mwani, mawe, mchanga tena. Nilimwamkia, akaitika, nikamuuliza amejuaje kuwa hili ni lake na si la jirani. "Mwanangu," akaniambia, "haya mawe nimeyapanga mimi. Mtu hasahau alipofukia." Akaanza kuyaondoa moja moja, bila haraka, akiyaweka upande uleule ili ayatumie tena. Pale chini makumbi yalikuwa meusi, yamelainika. Aliyabana kwa vidole, akayanusa, akasema bado, yanataka mwezi mwingine. Akayafukia tena.

Huyo ndiye mtu anayelijua neno hili. Kwake yeye kufukua ni nusu ya pili ya kazi aliyoianza mwenyewe, na kama hakikuiva anarudisha mchanga na mawe, anaondoka zake.

Sasa linganisha na kuchimba. Ukichimba, unachoshughulika nacho ni ardhi. Unachimba kisima, unachimba msingi wa nyumba, unachimba choo. Kinachopatikana mwishoni ni shimo, na shimo ndilo ulilolitaka. Kwetu Lindi na Mtwara tuna ming'oko, vile viazi vidogo vya porini ambavyo akina mama huvifuata kwenye mizizi, wakavichemsha, wakaviuza barabarani kwa mafungu, na vikiliwa na chumvi na pilipili ni chakula kitamu kweli. Sisi hatusemi kufukua ming'oko. Tunasema kuchimba ming'oko, kwa sababu hakuna aliyeipanda wala aliyeifukia, imeota yenyewe. Mama anaufuata mtambaa, anatoboa ardhi kwa subira huku akijihadhari asikate, mpaka anafika. Sijawahi kumsikia hata mmoja akilikosea neno.

Hali kadhalika wanaapolo, wale wachimbaji wadogo wa Mirerani. Hakuna anayefukua tanzanaiti, wanachimba. Jiwe lile halikuwekwa na mtu, na kabla ya miaka ya 1960 hakuna soko lililolijua. Hapo ndipo neno kugundua linapopata haki yake. Mwaka 2018, wakati wa kuzindua ukuta wa Mirerani, Rais Magufuli alimtambua mzee Jumanne Ngoma hadharani kuwa ndiye mgunduzi wa tanzanaiti, akampa shilingi milioni 100. Mzee yule alifariki mwaka uliofuata. Fikiria uzito uliobebwa na kitenzi kile kimoja. Kama angeitwa mchimbaji tu, angekuwa mmoja kati ya maelfu. Aliitwa mgunduzi, na heshima yote ilikaa hapo.

Lakini mgodi huohuo ukiporomoka, maneno yanageuka papo hapo. Wachimbaji "wamefukiwa na kifusi", na wenzao juu "wanafukua". Ndivyo ilivyokuwa Kariakoo pia, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoanguka asubuhi watu wakiwa dukani. Siku zile wengi niliowasikia redioni, wawe askari wa zimamoto au wafanyabiashara wa mtaa wa pili, walisema wanafukua kifusi. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Chini ya zege kulikuwa na watu wenye majina, wengine bado wakipiga simu, na kitenzi kilijipanga chenyewe kuwafuata.

Nieleze kugundua vizuri, maana silipingi neno hilo. Maana yake ya zamani, ambayo wazee bado wanayo, ni kumkuta mtu au mnyama ghafla bila yeye kutarajia, kumfuma. Mwizi aligunduliwa nyuma ya ghala. Kwa hiyo kugundua ni tendo la jicho na la dakika ile. Kuvumbua kuko karibu nalo, ila siku hizi tumezidi kulisogeza upande wa ubunifu: mvumbuzi wa mashine, mvumbuzi wa dawa. Vyote viwili vinaanza na anayeona. Habari ya kitu chenyewe, kilikuwa wapi, kilikuwa cha nani, kilifikaje pale, inaachwa nje.

Kuna kisa kimoja ambacho kugundua na kufukua vinasimama bega kwa bega, kila kimoja mahali pake, na ningependa kitumike darasani. Mwaka 1984, Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, Mkenya mtafutaji wa mifupa ya kale, alikuwa akitembea kando ya mto mkavu. Ardhi pale imejaa vijiwe vyeusi vya volkano. Kati ya vijiwe hivyo akaona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu, rangi yake karibu sawa na ya mawe, ukubwa wake usiozidi kiberiti. Wengine wangekikanyaga wakapita. Yeye alikuwa amezoeza jicho tangu alipoanza kazi hiyo Olduvai, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kile alichofanya Kamoya pale ni kugundua, kwa maana kamili ya neno. Kisha kikosi chake, pamoja na watafiti Richard Leakey na Alan Walker, kikaanza kufukua, na ufukuaji uliendelea kwa misimu kadhaa, udongo ukiondolewa na kuchekechwa, mpaka ukapatikana karibu mwili mzima wa mtoto wa kiume aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Dunia inamwita Mvulana wa Turkana. Kamoya alifariki mwaka 2022. Nilisoma taarifa nyingi za kifo chake kwa Kiswahili, na katika baadhi yake alitajwa kama msaidizi wa watafiti. Msaidizi! Mtu aliyeona ambacho hakuna mwingine aliyekiona.

Gedi, mji wa kale karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, ilifukuliwa kuanzia mwaka 1948 chini ya mwanaakiolojia James Kirkman. Nyumba zake zikapewa majina kwa vitu vilivyotoka humo: nyumba ya makasi, nyumba ya kauri, nyumba ya sanduku la pembe, nyumba ya sarafu za Kichina. Nayapenda majina haya. Yanamwonyesha mtu aliyekuwa na makasi, akayaacha ndani ya chumba, kisha paa likaanguka juu yake. Wenyeji wa jirani hawakuhitaji kuambiwa kuwa mji upo msituni. Waliujua na waliuogopa, wakiamini una wenyewe. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Gedi katika orodha ya urithi wa dunia.

Katika kaunti hiyohiyo ya Kilifi, kitenzi hiki kilipata kazi nyingine mwaka 2023, na tangu hapo mimi siwezi kukitamka kwa wepesi.

Tangu Aprili mwaka ule, katika msitu wa Shakahola, ulianza ufukuaji wa miili ya watu walioambiwa wafunge kula na kunywa mpaka wafe ili wamwone Yesu. Miili iliyofukuliwa ilipita 400. Watoto walikuwamo wengi. Jioni baada ya jioni watangazaji walisoma: leo imefukuliwa miili kadhaa, shughuli itaendelea kesho. Neno lilirudiwa mpaka likawa kama kengele.

Sikiliza lakini jinsi Kiswahili kilivyokuwa makini pale. Wengi niliowasikia hawakusema watu wale walikuwa wamezikwa. Kuzika ni neno lenye watu ndani yake: kuna kuosha, kuna sanda au jeneza, kuna dua au misa, kuna jamaa wanaotupa udongo kwa mkono, kuna matanga. Kufukia ni udongo peke yake. Mtu akifa vibaya, mbali na kwao, akasitiriwa ovyo na wasiomjua, wazee husema kwa uchungu, "Hakuzikwa yule, alifukiwa." Watu wa Shakahola walifukiwa. Na jambo ambalo limenifanya niiheshimu lugha yetu kuliko sarufi zake zote: kuzika, katika mazungumzo ya kila siku, hakuna kinyume. Tunacho fungua cha kufunga na zibua cha kuziba, lakini hatusemi "zikua". Hata mahakama ikitoa amri kaburi halali lifunguliwe, tutasema mwili unafukuliwa. Udongo unaweza kutenduliwa, maziko hayatenduliwi.

Machi 2024, baada ya vipimo vya vinasaba, familia za kwanza zilianza kukabidhiwa miili ya watu wao. Wakaenda kuwazika. Walifukiwa, wakafukuliwa, wakazikwa: mpangilio huo wa vitenzi vitatu ni historia yote ya msiba ule, na mwandishi anayevichanganya anawanyang'anya wale wazazi kitu walichokisubiri mwaka mzima.

Kwa hiyo mniwie radhi ninapokereka na msemo wa wanasiasa wetu, "tusifukue makaburi". Husemwa kila inapoulizwa fedha ilikwenda wapi, mkataba ulisainiwa na nani. Msemo unajifanya una adabu, unaazima heshima tuliyonayo kwa marehemu. Kumbe kilichomo mle si marehemu, ni jambo lililofukiwa juujuu na mtu ambaye bado yuko hai na anajua alipoweka mawe.

Nimeliacha Tendaguru nyuma kwa makusudi, maana ni kwetu, na ndiko kitenzi hiki kinakodaiwa deni kubwa zaidi.

Tendaguru ni kilima kilichoko mkoa wa Lindi, kaskazini-magharibi ya mji. Mwaka 1906 Bernhard Sattler, mhandisi Mjerumani wa kampuni iliyokuwa ikitafuta madini, alitoa taarifa ya mifupa mikubwa kupita kiasi iliyokuwa imejitokeza juu ya ardhi kando ya njia. Vitabu vingi vinaanzia hapo na kumwita Sattler mgunduzi. Njia ile ilikuwa ya nani? Njia hukanyagwa na watu mpaka ikawa njia. Waliopita pale wakienda mashambani na kurudi waliona mifupa hiyo kila msimu wa kiangazi, majani yalipoungua.

Mwaka 1907 alikuja Eberhard Fraas, mtaalamu wa mifupa ya kale kutoka Stuttgart, kuitazama. Kisha, kati ya mwaka 1909 na 1913, makumbusho ya Berlin yakaendesha ufukuaji mkubwa ajabu chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck. Kumbuka wakati wenyewe: vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka 1907, vijiji vya kusini vimechomwa, njaa imeua watu kwa makumi ya maelfu. Waliokuja kushika jembe na sururu Tendaguru walikuwa wametoka kuzika, au kushindwa kuzika. Walifika mia kadhaa kwa msimu. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuuachanisha mfupa na mwamba bila kuuvunja, na aliyeaminiwa kuongoza mashimo wakati wazungu hawapo. Mwaka 2007, karibu karne nzima baadaye, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwingine mkubwa zaidi alikuwa ameshapewa mwaka 1914 jina la mkurugenzi wa makumbusho kule Berlin.

Mifupa ilipakwa udongo, ikazungushiwa nyasi, ikafungwa ndani ya mianzi iliyokazwa kwa kamba, kila mzigo na namba yake. Wapagazi waliibeba kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, wakarudi, wakabeba tena. Jumla yake ni zaidi ya tani 200. Mmoja wa wanyama hao, yule ambaye Watanzania tunamwita mjusi wa Tendaguru, alisimamishwa ukumbini Berlin mwaka 1937. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Bungeni kwetu suala lake limezuka mara nyingi: arudishwe, asirudishwe, tunufaike vipi. Mimi nasema arudi, na sijaona hoja ya kinyume iliyoweza kunigeuza. Lakini hata kabla hajarudi, sentensi zinaweza kurudi.

Sentensi tunazowapa watoto shuleni zinasema Wajerumani waligundua mjusi Tendaguru. Kwa jinsi nilivyolilia neno hili, ni haki niseme mimi ningeandika nini. Ningeandika hivi: "Watu wa Tendaguru waliijua mifupa hiyo muda mrefu. Mwaka 1906 habari zake ziliwafikia Wajerumani. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mamia ya vibarua wa kusini, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, waliifukua na kuibeba mpaka Lindi, na makumbusho ya Berlin yakaichukua." Ni sentensi tatu tu. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyeongezewa asichofanya, na mwalimu anaweza kuziandika ubaoni kwa dakika mbili.

Na ningeongeza ya nne, maana ni kweli na watoto wataishangilia: baadhi ya ile mizigo ya mianzi ilikaa ghalani Berlin zaidi ya miaka mia moja bila kufunguliwa, imefungwa vilevile kama mafundi wa Tendaguru walivyoifunga.